Re: Ng'ombe wangu wawili wametupa mimba Njoro, ni brusela?

Salamu ndugu. Umesema wawili wametupa mimba ya miezi saba, mmoja kondo limekataa kutoka, na maziwa yameshuka. Mimi pia nafuga, huku Bahati, na brusela (ugonjwa wa vijidudu unaotupisha mimba, na huambukiza watu pia) imeshapita kwangu. Dalili zako zinafanana nayo, lakini kuna magonjwa mengine yanayofanya hivyo hivyo, kwa hiyo usiuze mnyama bado.

Kwanza angalia aliyepandisha. Kama ni fahali wa jirani, mtazame korodani kama zimevimba. Kisha mwite daktari wa mifugo achukue damu ya kundi lote, si hao wawili tu, ipelekwe maabara ya mifugo pale Nakuru mjini. Ukipima mara tu baada ya mimba kutoka, damu inaweza kudanganya. Rudia baada ya wiki chache.

Watu hukosea hapa: ng'ombe akitupa mara moja, mimba inayofuata mara nyingi hufika vizuri, mtu anasema amepona. Hajapona. Akizaa anamwaga vijidudu kwenye uchafu wa uzazi na maziwa. Sindano za antibiotiki zitakula pesa zako bure. Aliyethibitika mtoe kundini, na usimpitishe sokoni aende kwa mwenzako.

Kondo usilivute kwa mikono mitupu! Lifukie na chokaa, mbwa wasilifikie. Maziwa chemsheni, hata ya mursik (maziwa ya kugandisha). Mitamba wa miezi mitatu hadi minane uliza chanjo ya brusela iitwayo S19.

Nyumbani kuna mtu mwenye homa ya kwenda na kurudi?