Mshahara umekatwa? Itafute kwanza saini yako

Barua zimerundikana tangu Ramadhani, na nyingi zinalia kilio kimoja: pesa imetoka kwenye mshahara au akaunti na mwenyewe hajui imekwendaje. Nimechagua zile zenye la kujibu. Wanaouliza kama riba ni halali wawaendee masheikh. Hapa tunazungumzia nani ana ruhusa ya kuingiza mkono mfukoni mwako, na kwa karatasi gani.

Mimi ni mwalimu wa skuli, Chake Chake. Kila mwezi nakatwa 280,000 na sijawahi kufikishwa mahakamani. Vipi wanikate bila ya hukumu?

Mwalimu, hukumu ya nini na ulishaidhinisha mwenyewe? Mkopo wa mtumishi hauanzii mahakamani, unaanzia kwenye fomu. Unaijaza, mwajiri anagonga muhuri kuthibitisha kwamba upo kazini na mshahara wako unapitia benki ile, na humo ndani mna sentensi inayosema unaruhusu ukatwe mpaka deni liishe. Sentensi hiyo ndiyo inayokukata, na haimhitaji hakimu. Mara nyingi chini yake ipo nyengine isiyosomwa na mtu: kwamba benki inaweza kujilipa kutoka akaunti yako yoyote iliyo kwao. Yoyote maana yake hata ile ya akiba unayomwekea mtoto, ikiwa jina lililoandikwa ni lako.

Unachoweza kudai ni hesabu. Nenda benki uombe taarifa ya mkopo: ulichukua kiasi gani, faida yao ngapi, bima ngapi, imebaki miezi mingapi. Iweke sambamba na slipu zako za mshahara. Wengi wanaoniandikia "nimemaliza mkopo na bado nakatwa", ukiwabana kidogo wanakumbuka kwamba mwaka juzi waliongezewa. Mkopo wa zamani ulifungwa kwa mkopo mpya, miezi ikaanza kuhesabiwa upya, na mkononi kikabaki cha kununulia friji. Ikiwa kweli umekatwa zaidi, andika malalamiko kwa benki, nakala kwa mwajiri, na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, lakini halikupokei kama hukuanza na benki yako.

Na tafadhali msininukulie tena ile kanuni ya Tanzania Bara, kwamba mtumishi wa umma abakiwe na theluthi moja ya mshahara wa msingi. Naijua. Upatu, deni la duka na mkopo wa kwenye simu haviandikwi kwenye slipu, kwa hivyo theluthi hiyo huliwa kabla haijafika nyumbani.

Nauza vitambaa Darajani. Aliyenikopesha mzigo kashinda kesi. Karatasi ya mahakama niliipata kwa sheha lakini nilikuwa naondoka kwenda Dubai. Juzi nimekwenda benki naambiwa pesa zangu zimezuiwa. Mbona hawakuniarifu kwanza?

Kwa sababu ungelizitoa.

Nisikilize, maana barua za namna hii ninazo nyingi na karibu zote zina ile sentensi ya katikati: karatasi niliiona, lakini. Wito wa mahakama hauozi kwa kuwekwa nyuma ya televisheni. Usipotokea, mdai anasikilizwa peke yake, inatoka hukumu ya upande mmoja, na tangu siku hiyo hubishani tena kama unadaiwa. Linalobaki ni namna ya kulipwa.

Hata hivyo mdai hawezi kwenda benki na hukumu mkononi akapewa pesa zako. Anarudi mahakamani, anaomba kuikazia hukumu, na katika maombi anataja njia anayoitaka: mali zako zikamatwe na dalali wa mahakama, mshahara uzuiwe, au pesa yako iliyo kwa mtu wa tatu izuiwe huko huko iliko. Benki ni huyo mtu wa tatu, kwani pesa uliyoiweka kwao kisheria ni deni wanalodaiwa na wewe. Kwa kawaida mahakama hutoa kwanza amri ya muda. Benki inazuia kiasi kilichotajwa na inaeleza mna nini, kisha wewe unaitwa useme kwa nini kisilipwe. Hapo ndipo pa kutoa ulichonacho: pesa hizi ni za kikundi cha akinamama, mimi ni mshika fedha tu, daftari hili hapa, au nimeshalipa nusu, risiti hizi hapa. Ukinyamaza, amri inakamilishwa na pesa inakwenda.

Kwa hivyo usiende tena kugombana na yule kijana wa kaunta, yeye ametii amri. Nenda na wakili leo, si baada ya sikukuu. Unaweza kuomba hukumu ya upande mmoja itenguliwe, lakini mahakama itataka sababu, na safari ya kununua mzigo si sababu ikiwa sheha atasema uliipokea karatasi kwa mkono wako. Kama deni ni la kweli, tumia nguvu zako kuomba ulipe kwa awamu.

Wenye mishahara nao wajue: kwao amri huenda kwa mwajiri, naye hukata kila mwezi na kupeleka mahakamani. Hawachukui wote. Mwenendo wetu wa kesi za madai hapa Zanzibar una asili ya ile sheria ya India ya 1908, na humo imo orodha ya visivyoguswa: sehemu ya mshahara, nguo za mtu, vyombo vya kupikia, matandiko, zana za fundi. Cherehani ya fundi inasalimika. Televisheni haimo kwenye orodha hiyo. Na bosi mwenye huruma akiipuuza amri na kukupa mshahara wote, atadaiwa yeye.

Ninayedaiwa naye anasema ataniletea polisi. Anaweza? (Mkunazini)

Kukopa na kushindwa kulipa si jinai, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Hundi isiyo na pesa au kukopa kwa hati ya uongo ni habari nyengine. Kifungo cha madai kipo, ila hutolewa na mahakama baada ya hukumu, baada ya kukuita ujieleze, na kinamlenga mwenye nacho anayekataa kulipa. Mdai mwenyewe ndiye anayetakiwa kugharamia chakula chako huko ndani, ndiyo maana wengi huishia kwenye vitisho. Ukitoka, deni liko pale pale.

Nikihamishia pesa zangu kwenye akaunti ya mke wangu?

Utakuwa na kesi mbili, na ya pili utakuwa nayo na mkeo.

Nilimdhamini shemeji yangu mkopo. Mwaka jana kaondoka kwenda Oman, simu hapokei. Sasa nakatwa mimi. Mume wangu bado hajui. Nifanye nini? (Wete)

Dada yangu, la kumwambia mumeo ni lako, ila mwambie kabla hajaiona slipu. La mkopo nitakwambia, nalo ndilo ninalolirudia kwenye safu hii mpaka wengine wamechoka kunisoma. Mdhamini si shahidi. Hukwenda pale kuthibitisha kwamba shemeji ni mtu mwema. Ulikwenda kusema: asipolipa, nitalipa mimi. Benki inakupenda wewe kuliko yeye, kwa sababu wewe una mshahara unaopita kwao na yeye yuko ng'ambo.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu kuandika deni. Tunayo vifuani tangu chuoni, halafu tunatia saini fomu ya kurasa sita tukiwa tumesimama, na teksi inatungoja nje.

Sasa fanya haya. Pata nakala ya fomu ya udhamini uone umedhamini kiasi gani: mkopo mzima, au mpaka kiwango fulani? Waulize benki kama mkopo ulipochukuliwa kulikuwa na dhamana nyengine, gari au kiwanja, na kwa nini hawakuanzia huko. Huenda fomu inawaruhusu kuanza na wewe, lakini uliza kwa maandishi. Weka kila slipu inayoonesha makato, kwa sababu unacholipa kwa ajili yake kinageuka deni lake kwako, na una haki ya kumdai. Mtumie ujumbe wa kistaarabu, umtajie kiasi, umuulize atalipa lini. Akijibu hata "shemeji nivumilie", usiufute. Hilo ni kukiri deni, na siku moja atarudi kwenye harusi ya mtu.

Nina nyumba ya wageni Paje. Pesa zimetoka benki kwenda TRA, hakuna kesi wala wakili. Huu si wizi?

Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa Kamishna Mkuu wa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, uwezo wa kumwandikia anayeshika pesa zako, benki ikiwamo, alipe kodi unayodaiwa. Mahakama haihitajiki. Mlango wako ulikuwa pingamizi dhidi ya makadirio, siku 30 tangu kuyapata, na nadhani barua ile ya makadirio iko kwenye droo ya mapokezi. Kodi zilizo chini ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, zina sheria zake, usizichanganye ukaenda kugombana ofisi isiyohusika.

Baba watoto anafanya kazi hoteli kubwa na hatoi hata ya maziwa. Je, mshahara wake unaweza kukatwa? (Jang'ombe)

Unaweza, na haya ndiyo makato ninayoyafurahia. Fungua madai ya matunzo Mahakama ya Kadhi. Kwa upande wa watoto ipo pia Sheria ya Mtoto ya 2011. Usiende na machozi matupu: chukua vyeti vya kuzaliwa, jina la hoteli, idara yake, kiasi anacholipwa ukikijua, na hesabu ya matumizi ya mwezi iliyoandikwa, kuanzia unga mpaka nauli ya skuli. Amri ikishatoka na asitii, omba ielekezwe kwa mwajiri. Kituo cha Huduma za Sheria kina ofisi Unguja na Pemba na husaidia wasio na uwezo wa wakili. Na asikudanganye mtu kwamba anaishi kwa bakhshishi za wageni tu. Slipu yake ipo.

Kabla ya msimu niliazima milioni mbili kwa tajiri mmoja, tukaandikiana kwamba nitamlipa kwa karafuu. Mavuno yamekuwa kidogo. Anasema atakwenda ZSTC apewe pesa zangu. (Konde)

Mzee wangu, shikamoo. Hawezi kupewa kwa kwenda na kusema. ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inadaiwa na wewe uliyezipima, haidaiwi na yeye. Ili azuie malipo yako huko anahitaji kilekile alichokihitaji mdai wa yule muuza vitambaa wa Darajani: hukumu, kisha amri. Akizipata lakini, wewe ni mtu rahisi kuliko mfanyabiashara mwenye akaunti tano, kwa sababu kisheria mnunuzi wa karafuu ni mmoja, na kila mtu anajua pesa zako zitapita dirisha gani na mwezi gani.

Hiyo karatasi yenu niiogope kwa niaba yenu nyote wawili. Kuahidi karafuu kwa mtu binafsi wakati sheria inataka ziende ZSTC si jambo la kumwonesha hakimu, na nina shaka kama tajiri mwenyewe anataka ifike huko. Kaeni, badilisheni maandishi liwe deni la pesa taslimu, na tarehe zinazotazama msimu ujao. Lipa kidogo sasa, upewe risiti.

Na mwache kuuza karafuu zilizo mtini. Madeni ya namna hii yaliwabana wenye mashamba mpaka mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikaweka sheria ya kuzuia mashamba yasichukuliwe ovyo na wakopeshaji. Ugomvi wa karafuu haukuishia hapo, ulifika mpaka kwenye mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa 1937 na 1938. Wajukuu tunayarudia yale yale, tena kwa bei ya kutupa.

Nimekopa kwenye programu ya simu. Sasa wanawatumia jamaa zangu wote ujumbe kwamba mimi ni tapeli.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Itafute. Ikiwa yako imo, peleka malalamiko Benki Kuu na picha za ujumbe huo. Ulipoiruhusu isome majina yote kwenye simu yako, ulidhani inataka kuwasalimia?

Baba amefariki na mkopo wa benki. Wanataka sisi watoto tulipe.

Poleni, Mungu amrehemu. Kabla ya jambo jengine lolote ulizeni kuhusu bima ya mkopo. Mikopo mingi ya mabenki huwa nayo, marehemu aliilipia, na inafunika kifo. Pelekeni cheti cha kifo mapema. Kama haipo, deni linalipwa katika mali aliyoiacha, baada ya gharama za mazishi na kabla ya wasia na urithi. Halihamii kwenye mshahara wako isipokuwa ulidhamini. Kwa hivyo msiigawe nyumba kwanza mkamkumbuka mdai baadaye.

Nina deni, naomba ushauri.

Wewe umeandika mara ya tatu. Deni la nani? Kiasi gani? Ulisaini nini, na umepokea karatasi gani ya mahakama? Tuma nakala, funika majina na nambari ya akaunti, nitaisoma. Bila ya karatasi sijibu tena.