Akitoka Gerezani au Nyumba ya Upataji Nafuu, Mwangalie kwa Karibu Zaidi

Familia nyingi hapa Dodoma zenye kijana anayejidunga heroini hushusha pumzi pale anapotoka gerezani au katika nyumba ya upataji nafuu (sober house), wanakokaa wanaoacha dawa za kulevya, zikiamini kwamba kwa kuwa amekaa muda mrefu bila unga, basi amepona. Nimemuuguza mdogo wangu kwa miaka mingi, nami nasema hicho ndicho kipindi cha kuogopa kuliko vyote, kwa sababu mwili uliokwisha kupumzika hauhimili tena kiasi ulichokizoea, na kete (kipakiti cha unga) ileile ya zamani inaweza kumkatisha pumzi. Akae na mtu. Asifungiwe chumbani peke yake kwa ajili ya aibu ya majirani.

Hapa nyumbani Chang'ombe nilimkuta mdogo wangu akikoroma mkoromo mzito wa kukatika-katika, midomo imeanza kuwa ya bluu, mboni za macho zimesinyaa. Jirani alikwishaleta maziwa. Ndugu yangu, usimnyweshe chochote mtu asiye na fahamu, maana kitaingia mapafuni, wala usiruhusu adungwe maji ya chumvi. Mwite kwa sauti, msugue kwa nguvu katikati ya kifua, na kama hapumui vizuri, inua kidevu chake, mbane pua, umpulizie pumzi mdomoni mara moja kila baada ya sekunde 5 hivi, huku mwingine akitafuta usafiri. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Hospitali mwambie daktari bila kuficha alichotumia, kwa kuwa iko dawa ya naloksoni inayotengua nguvu ya heroini. Lakini yenyewe huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, hivyo msikubali kuondoka mapema hata akiamka na kudai yu mzima.

Wapo wanaosema kwamba kumtafutia bomba jipya la sindano ni kumpa ruhusa. Siafikiani nao hata kidogo, kwa maana arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga, ikimshika atajidunga tu, na la kuamua ni kama atatumia bomba lake au la mwenzake. Virusi vya homa ya ini aina ya C huweza kuishi ndani ya bomba lililotumika kwa wiki kadhaa. Kijiko, pamba na maji navyo visichangiwe. Jipu penye mshipa litibiwe hospitali, lisikamuliwe nyumbani.

Kwa anayetaka kutulia, kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, iko Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe, na dawa hutolewa bure. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, jambo linalochosha, kwa hiyo msaidieni nauli na mumsindikize, hasa wiki za mwanzo. Akikosa siku kadhaa mfululizo, awaeleze wahudumu ukweli ili dozi ipimwe upya, na asichanganye kamwe methadoni na pombe au valiamu (dawa ya usingizi na kutuliza), kwa kuwa vyote kwa pamoja hupunguza pumzi.