Gari Lisikufie Kimende Ukienda Safari Rally

Wiki ya Safari Rally, mbio za magari za Kenya, ikifika, barabara ya Naivasha hujaa magari yaliyobandikwa stika na kufungwa eksozi za kelele. Mengi utayapita yamesimama kando, boneti juu, na wenyewe wanapiga simu. Si aibu sana. Mwaka 2021, mbio ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, dereva Thierry Neuville alikuwa anaongoza hadi siku ya mwisho, saspensheni ikamharibikia kwenye kipande cha Loldia na mpinzani wake Sébastien Ogier akachukua ushindi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa kwenye mbio. Wewe bado hujafika hata Naivasha.

Mimi na shemeji huenda na gari lake la zamani, na kinachotusumbua zaidi ni mlima. Kutoka Nairobi kupitia Limuru unapanda kupita mita 2,200, na kwenye kimo hicho maji matupu huchemka takriban nyuzi 93, si 100. Kinachoyazuia kuchemka mapema ni presha iliyo ndani ya rejeta, na presha hiyo hushikiliwa na kifuniko. Tulipochemsha Kimende, mji ulio mbele ya Limuru, watoto wakiwa nyuma wanalia njaa, fundi wa pale aliukagua mpira wa kifuniko, akaukuta umepasuka. Wengine walikuwa wameshatushauri tununue rejeta nzima! Kwa hiyo kagua kifuniko kwanza, weka kulanti (maji maalum ya kupozea injini) badala ya maji ya mfereji, na fundi akikwambia thamostati, ile vali inayodhibiti joto la injini, itolewe tu, mwambie akufungie nyingine.

Mshale wa joto ukianza kupanda, zima AC na ufungue hita yote. Mtatoka jasho, lakini injini itapata nafuu hadi mpate mahali salama pa kusimama. Baada ya hapo zima injini na usiguse kifuniko mpaka kipoe. Maji ya moto hukurukia usoni. Wala usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka, utapasua hedi, yaani kichwa cha injini.

Ukichagua njia ya chini, ya Mai Mahiu, shida hugeuka kuwa breki. Malori ni mengi, watu wanakanyaga breki mteremko mzima, na mafuta ya breki yakichemka pedali huzama bila gari kupunguza mwendo. Shuka na gia ndogo. Kwenye gari la otomatiki tumia 2 au L, hiyo ndiyo kazi yake. Ukisikia harufu ya kuungua, simama palipo wazi, weka jiwe mbele ya tairi, upande wa mteremko, na usimwagie diski maji. Mandhari ya bonde utaiona vizuri zaidi ukiwa umesimama.

Kisha kuna vumbi la Kedong, kimoja cha vipande vya mbio karibu na Naivasha, lile laini kama unga linaloitwa feshi-feshi. Huziba kichujio cha hewa, gari likakosa nguvu na kunywa mafuta. Kitoe ukipige pige, au ukipulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Tangu 2024 mashindano yamekuwa Machi, si Juni tena, kwa hiyo mvua inaweza kuligeuza vumbi hilo kuwa tope. Usifuate gari linalosukumwa na magurudumu yote manne kwenye majani eti kwa sababu lenyewe limepita.

Kwenye buti weka tairi la akiba lenye upepo, jeki, spana ya magurudumu, waya za kuchajia betri, kamba ya kuvutia, pembetatu za kuakisi na maji mengi. Mwaka 2024 siku ya mwisho iliangukia Pasaka, na siku kama hiyo usitegemee kupata duka la spea limefunguliwa. Chukua pia feni belti na fyuzi.

Ukilazimika kuvutwa, patana bei kabla ndoano haijashikishwa, mtaje na mahali gari litakaposhushwa. Ikishashikishwa, bei ni ya mwenye lori.