Nguo inayozeeka machoni

Mwanangu,

Umeniuliza: ni sisi tunaotaka nguo mpya kila mara, au wafanyabiashara ndio wanaotutia hamu? Nimekaa na swali lako wiki nzima, na jibu nimelikuta kabatini.

Chukua shati lile uliloniachia, uligeuze ndani nje. Tazama mshono wa ubavuni: kitambaa kilichobaki nje ya uzi hakifiki upana wa ukucha, kimepigwa ovaloki, yaani mshono wa mashine wa kuzuia ukingo usifumuke, basi. Sasa geuza gauni nililovaa harusi ya mama yako mdogo. Fundi aliacha karibu vidole viwili kila upande, na pindo refu chini. Alijua nitanenepa. (Nilinenepa.) Limefumuliwa na kupanuliwa mara mbili. Shati lako halina cha kufumua, likikubana, limekwisha. Kile kipande kilichopunjwa, kikizidishwa kwa mashati milioni, ni faida ya mtu.

Hata hivyo, shati la pamba likitunzwa hudumu miaka, na kiwanda hakiwezi kungoja miaka. Sharti lizeeke machoni kabla ya kuchakaa mwilini, na hapo ndipo fasheni inapofanya kazi yake. Zamani mteja alimpelekea fundi kitambaa na kumweleza anachotaka. Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua nyumba ya mavazi Paris mwaka 1858, alipindua utaratibu huo: alibuni mwenyewe, akawavalisha wasichana nguo hizo ili wateja wazione, akashona jina lake ndani ya nguo. Muuzaji akawa wa kwanza kujua utakachotamani.

Kwa hiyo kupenda kupendeza ni kwetu, wala sikuonei. Mimi mwenyewe napenda. Ila kuona haya kuvaa nguo nzima eti ni ya mwaka jana, haya hiyo tumeuziwa.

Na haraka ya fasheni ina wanaoilipia. Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo huko Savar, Bangladesh, lilionyesha nyufa Aprili 23, 2013. Benki iliyokuwa humo ikawaondoa watu wake. Washonaji waliamriwa kurudi kesho yake, maana oda zina tarehe. Jengo likaporomoka asubuhi hiyo, wakafa zaidi ya watu 1,100.

Shati lako sijalitupa. Ukija nitalitia kiraka kwapani, cha kitambaa kingine maana rangi ile sina. Kitaonekana ukiinua mkono.

Mama yako