Kuivika Barafu Blanketi: Namna Ninavyofundisha Usafiri wa Joto

Kila mwaka, kabla sijaandika neno lolote ubaoni, huwauliza wanafunzi wangu wa Wete, Pemba, swali moja: nikichukua vipande viwili vya barafu vilivyo sawa, kimoja nikakiacha wazi na kingine nikakifunga kwa blanketi, kipi kitatangulia kuyeyuka? Wengi hujibu bila ya kusita kwamba ni kile cha blanketi, kwa sababu blanketi lina joto. Wachache, na aghalabu ni watoto wa wavuvi, hutabasamu tu, kwani wamekwisha kuona barafu ikifunikwa magunia ndani ya dau.

Namshauri mwalimu mwenzangu aanzie hapo, wala asitangulize majina ya mpitisho (joto kupenya ndani ya kitu), msafara (joto kubebwa na hewa au maji yanayozunguka) na mnururisho (joto kusafiri kama miale). Mwanafunzi anayeamini kwamba blanketi hutoa joto anaweza kuyakariri majina yote matatu na akafaulu mtihani, ilhali bado hajui kwamba kazi ya blanketi ni kulizuia joto lisipite, liwe linatoka mwilini au linaingia kwenye barafu.

Hapo ndipo huwapa kazi ya kutengeneza, kwa makundi, chombo cha kuhifadhia maji ya moto; mshindi ni kundi ambalo maji yake huchelewa zaidi kupoa. Hakuna cha kununua: makopo ya maziwa yaliyo sawa, maboksi, magazeti, kanga zilizochakaa, vumbi la mbao kutoka kwa seremala, sufi, na usumba wa makumbi ya nazi, ambao kisiwani Pemba hauna uhaba.

Mwaka wa kwanza niliharibu mwenyewe. Niliyaacha makundi yajimiminie maji kwa kadiri yapendavyo, na kundi lililojaza kopo likashinda, si kwa ubora wa chombo chake bali kwa kuwa maji mengi huchelewa kupoa kuliko machache. Ubishi uliozuka ulikuwa wa haki, nami sikuwa na la kujitetea. Tangu siku hiyo kila kundi hupata mililita 200 za maji yenye nyuzijoto 80, ninazozimimina mimi mwenyewe kwa ajili ya usalama, na kipimajoto husomwa kila baada ya dakika 5 kwa muda wa nusu saa. Kopo moja lenye maji kama hayo huachwa bila ya kuvikwa chochote, liwe la kulinganishia. Bila ya kopo hilo, tarakimu za wengine hazisemi kitu.

Yanayofunza zaidi ni yale yanayokwenda kombo. Kundi moja lilizungusha usumba mnene kama unene wa kiganja, likasahau kifuniko, na likashindwa na wenzao waliotumia magazeti matupu pamoja na kifuniko cha boksi. Mvuke uliokuwa ukipanda mbele ya macho yao ulikuwa ukiondoka na joto. Kundi jingine liliosha usumba wake asubuhi ile ile na kuutumia ukiwa bado mbichi, haujakauka. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, na hewa hiyo iliyonaswa baina ya nyuzi ndiyo inayofanya kazi. Nyuzi zenyewe ni ngome tu ya kuizuia isizunguke. Wapo pia waliobana karatasi ya alumini katikati ya kopo na usumba. Alumini hurudisha mnururisho pale tu inapotazamana na uwazi. Ikibanwa pande zote mbili, joto huipita kwa mpitisho kana kwamba haipo.

Wiki inayofuata vyombo vile vile hutiwa barafu, nasi hupima maji yaliyoyeyuka kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usiiruke sehemu hii hata kama vipindi vinakubana. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu hutaka takriban joules 334,000, karibu sawa na joto la kuyapasha maji hayo hayo kutoka nyuzi 0 hadi 80, na ndiyo maana deli la mvuvi hutegemea barafu wala si maji baridi. Wanafunzi hushangaa kuona kwamba mshindi wa maji ya moto mara nyingi ndiye mshindi wa barafu. Mmoja aliniuliza: "Mwalimu, sasa chombo kinajuaje kama leo ni zamu ya baridi?" Sikumjibu, nilimrudishia blanketi la siku ya kwanza na kipande cha barafu, nikamwambia akajaribu.