Kumbukumbu gani ya misheni haikutoki?

SWALI: Shikamoo dada. Nasikia ulikaa mwaka mzima nje na timu ya misheni, nusu Malawi nusu Ethiopia. Mimi naondoka mwakani na vijana wa kanisa letu hapa Morogoro. Kipi mpaka leo ukikumbuka unatabasamu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Malawi ni ule uduvi, hapana, usipa, yaani dagaa wa ziwa, tunakaa chini na mama mwenye nyumba tunawala na nsima, ugali wao, kwa mkono, sijui neno la Kichewa zaidi ya zikomo, yaani asante, lakini tunacheka tu mpaka giza linaingia.

Ila Ethiopia jamani! Tuliambiwa ibada saa mbili, wenzangu wazungu wakajua ni mchana wakalala zao, mimi asubuhi nishafika maana wale wanahesabu saa kama sisi tu, tangu jua linapochomoza. Nilitamba wiki nzima, nisamehewe.

Na Krismasi yao ni tarehe 7 Januari, basi nikala mbili mwaka ule. Tulikuwa Lalibela, mji wa huko Ethiopia, makanisa yamechongwa kwenye mwamba kwenda chini, unavua viatu mlangoni, jiwe la baridi mpaka kwenye mifupa, juu ukutani mapadri mashuka meupe wanaimba, wenzao walio chini wanaitikia, ngoma inadunda taratibu. Bibi mmoja pembeni akaniona natetemeka akanifunika nusu ya shuka lake, hatukusemeshana kitu.

Beba soksi nzito.