Mashine ya kufulia ikigoma kutoa maji, anzia chini

Mafundi wengi wa mtaani wakiitwa kwa mashine ya kufulia iliyojaa maji huwa na jibu tayari: bodi, yaani saketi ya umeme inayoiongoza mashine, imeungua. Nimelisikia hilo hapa Dar es Salaam mara nyingi, kwangu na kwa majirani, hadi sasa fundi akitaja bodi kabla hajainama kuangalia chini ya mashine namkaribisha chai kwanza. Bodi huungua, sikatai, hasa kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Ila maji yakisimama ndani, chanzo kwa kawaida ni cha bei rahisi zaidi: njia ya maji imeziba, au mpira wa kutolea maji umekaa vibaya. Hayo mawili unaweza kuyakagua mwenyewe kwa beseni, tambara na tochi ya simu.

Kwanza ujue mashine yako inatoa maji kwa njia gani, maana hapa ndipo watu hupotea. Zile za mlango wa mbele zina pampu chini, inayosukuma maji juu kupitia mpira wa nyuma. Zile za mapipa mawili, upande mmoja wa kufulia na mwingine wa kukamulia, upande wa kufulia kwa kawaida hauna pampu. Ukizungusha kitufe cha kutoa maji unavuta kizibo tu, na maji yanashuka kwa uzito wake. Hata baadhi ya zile za otomatiki zinazofunguliwa juu ziko hivyo hivyo.

Mama mmoja wa jengo letu aliniita kwa mashine ya mapipa mawili, mpya, bado ina karatasi za dukani. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba na hapo hapo akaanza kulalamika: "Mwanangu, nimeuziwa kimeo. Maji yameganda humo tangu asubuhi." Mpira wa kutolea maji alikuwa ameuning'iniza kwenye sinki, safi kabisa, kama alivyoona kwa mwanawe mwenye mashine ya mlango wa mbele. Tukaushusha hadi kwenye tundu la maji la bafuni na maji yakatoka yote. Mashine ya aina hiyo mpira wake lazima ulale chini. Ya pampu ni kinyume: miongozo mingi hutaka ncha ya mpira iwe juu kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukiishusha sana maji yatakuwa yanatoka huku yanaingia, na mashine itajaza bila kushiba.

Kuanzia hapa nazungumzia zaidi za mlango wa mbele, maana ndizo zinazosumbua.

Kioo kikianza kuonyesha herufi, usiziogope. Kwenye LG, OE maana yake maji hayatoki. Samsung huandika 5E au 5C, na ile 5 ukiitazama haraka unaisoma S. Bosch nyingi huandika E18. Alama hizi zinakwambia tu kwamba maji hayakuisha kwa muda uliotarajiwa. Hazisemi pampu imekufa, na fundi akikuonyesha OE kama ushahidi kwamba bodi imeungua, anakupiga.

Sasa toa maji. Chomoa plagi ukutani, usiishie kuzima kwenye kitufe cha mashine. Kama ulikuwa unafua kwa maji ya moto, acha yapoe, maana programu ya nyuzi 60 au 90 inaweza kukubabua vibaya. Chini mbele, mara nyingi upande wa kulia, kuna kidirisha kidogo. Ndani yake utaona kizibo cha duara, ambacho ndicho chujio, na kwenye mashine nyingine kampira kembamba pembeni chenye kizibo chake. Kama kapo, kavute, uelekeze kwenye sinia au beseni la chini na ufungue. Kama hakapo, legeza chujio nusu mzunguko tu kuelekea kushoto, acha maji yajaze sinia, kaza, mwaga, rudia. Ukilitoa lote kwa pamoja, maji yanaweza kujaza ndoo nzima na zaidi, na yote yatakwenda sebuleni. Njia nyingine ni kuuchomoa mpira wa nyuma kwenye vishikizo vyake na kuushusha chini ya usawa wa maji, ncha ikiwa bafuni. Mara nyingi hutoka yenyewe.

Chujio likigoma kufunguka, limegandwa na sabuni na nyuzi. Lizungushie kitambaa, shika kwa koleo, lilegeze pole pole. Usiligonge, mdomo wake ni plastiki.

Kinachotoka humo ndani kingetosha kuandikiwa makala yake. Sarafu za mia na mia mbili, vifungo vya shati za shule, vijiti vya meno, waya wa sidiria, soksi ya mtoto mchanga, nywele za rasta zilizojisokota kama kamba. Nyumba zenye wanawake wanaojifunga mtandio, tarajia pini. Pini ni mbaya kuliko sarafu, kwa sababu sarafu hukwama kwenye chujio ilhali pini hupenya na kwenda kujichomeka kwenye kifeni cha pampu. Kwa hiyo ukishatoa chujio usiridhike na uchafu ulioko mkononi. Mulika tochi ndani ya lile tundu, kifeni kiko mwisho wake. Kiguse kwa kijiti au kidole, ukijua plagi imechomolewa. Kitazunguka kwa kusitasita, kinashika, kinaruka, kinashika tena. Wengi hapo husema pampu imekwisha. Hapana: ndani mwake kuna sumaku, na huo mrukoruko ndiyo hali yake ya uzima. Kibaya ni kifeni kisichosogea kabisa, au kinachozunguka laini kama hakijashikana na kitu, maana huenda kimeachana na mhimili wake.

Osha chujio, pangusa nyuzi za mdomoni, rudisha na ukaze vizuri. Mimina maji lita kadhaa kupitia kisahani cha sabuni, chomeka plagi, chagua programu ya kutoa maji au kukamua peke yake. Halafu sikiliza. Usiende kupika, kaa hapo usikilize.

Ukisikia mngurumo na maji yanatoka, kazi imekwisha. Mngurumo mzito bila maji kutoka ni kifeni kilichokwama, au kitu kimekaa kati ya pipa na pampu, kwenye mpira mnene wa mikunjo ulio chini ya pipa. Soksi hupenda kukaa hapo, na ili uifikie lazima mashine iinamishwe. Tafuta mtu wa pili, kwani mashine hizi hubeba zege au chuma cha kuizuia isiruke, na nyingi zina uzito wa kilo 60 na zaidi. Pampu ikizunguka kwa sauti ya kawaida ila maji hayaendi, angalia mpira wa nyuma kama umebanwa na ukuta au umejikunja. Kisha utoe ncha yake kwenye bomba la ukutani uiweke kwenye ndoo. Maji yakimwagika vizuri kwenye ndoo, mashine yako ni nzima na tatizo ni la nyumba. Kwa wapangaji wa maghorofa hili ni la kawaida: bomba limeziba mafuta ya jikoni, au chemba ya nje imejaa. Hapo mtafute mwenye nyumba, siyo fundi wa mashine.

Kimya kabisa, bila hata mlio, ndipo tunapoanza kuwaza umeme. Waya wa pampu umechomoka, panya ameukata (panya hupenda sana chini ya mashine, pana joto), pampu imeungua, au ndiyo bodi yenyewe. Mwenye mita ya kupimia na anayejua kuitumia atapima pampu ikiwa imechomolewa waya zake. Nyingi za volti 220 hadi 240 husoma kati ya omu 100 na 250 hivi. Isiposoma chochote, pampu imekwenda. Usiyejua mita, acha. Maji na umeme havina mchezo.

Kuna sababu mbili ambazo hazionekani kwa macho. Moja ni povu. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi, na pampu haiwezi kusukuma povu kama inavyosukuma maji. Inalichapa tu palepale huku muda unakwisha na OE inatokea. Simamisha, subiri povu litulie, weka kilainishi kidogo cha nguo kulivunja, kisha suuza bila sabuni. Baada ya hapo nunua sabuni ya mashine, au kama ni lazima utumie ile ya mkono, weka kidogo sana.

Ya pili ni kampira kengine kembamba, siyo kale ka kutolea maji pembeni ya chujio, bali kanakopanda kutoka chini ya pipa hadi kwenye kihisi cha kupima kiwango cha maji. Mashine hujua kuna maji kwa hewa inayobanwa humo. Sabuni ikiganda kwenye mdomo wake, mashine itaamini bado imejaa hata pipa likiwa kavu, na pampu itanguruma bila kukoma huku mlango umejifunga. Kanasafishwa kwa kukachomoa kwenye kihisi na kukapuliza. Usikapulize kakiwa bado kwenye kihisi, utakiharibu.

Ikibidi pampu mpya, Kariakoo zipo, lakini usiende kwa kutaja jina la mashine tu. Nenda na pampu yenyewe mkononi, au picha ya lebo yake. Linganisha volti, wati, mahali waya zinapochomekwa na namna inavyofungwa, maana nyingine hushikwa kwa skrubu tatu na nyingine huingia kwa kuzungushwa. Angalia sana zile zilizotolewa kwenye mashine za mitumba: ikiandikwa volti 100 au 120, iache hapo hapo mezani kwa muuzaji, umeme wetu ni wa 230.

Na ukimpigia fundi, usimwambie "mashine imekufa". Mwambie umeshatoa chujio na kulisafisha, kifeni kinazunguka au hakizunguki, pampu inanguruma au iko kimya, mpira umeujaribu kwenye ndoo. Halafu muulize bei ya kuja na bei ya pampu, kila moja peke yake, kabla hajatoka kwake. Akibadilisha kifaa, kile cha zamani akuachie.